Chungu cha Mchwa

Kabla hata ya kunitajia bei, bibi aliniuliza swali ambalo hakuna muuza kuku wa Dar es Salaam aliyewahi kuniuliza: "Utawalisha nini?"

Ilikuwa Julai 2014, alasiri, kwenye kijiji kimoja cha Kishapu mkoani Shinyanga. Nilikuwa nimetoka Shinyanga mjini kwa Hiace hadi Mhunze, kutoka hapo bodaboda, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nikamjibu kwa kujiamini. Nyuma ya nyumba yangu Chanika nilikuwa nimefuga kuku wa nyama miaka 3, kwa hiyo nikamtajia chakula cha kuanzia, cha kukuzia na cha kumalizia, vyote vya mfuko wa kilo 50, vya dukani. Bibi akamgeukia mjukuu wake, rafiki yangu wa kazini aliyenileta, akasema neno kwa Kisukuma. Wakacheka wote wawili. Nilipouliza kasema nini, rafiki yangu akaniambia ninywe maji kwanza.

Nilichokifuata huko ni kuchi, kuku warefu wa kienyeji. Babu mzaa mama, pale Pangani, alikuwa na jogoo wa aina hiyo nilipokuwa mdogo. Tukikaa mkekani kula, alikuja kusimama pembeni na kuchungulia sahani zetu kama mzee aliyechelewa kukaribishwa. Hakuna mtoto aliyethubutu kumfukuza. Dar nilikwishauziwa "kuchi" mara mbili. Wa kwanza alipokua alitoa undu (kile kilemba cha kichwani) mkubwa wenye meno kama msumeno. Wa pili alikuwa na miguu mirefu tu. Kwingine kote alikuwa chotara wa sijui nini na sijui nini. Ndipo rafiki yangu aliponiambia niache kupoteza hela, kwao wapo.

Na kweli walikuwepo. Pale uani kwa bibi palikuwa na kishingo mwenye shingo tupu, palikuwa na kidimu wawili wenye manyoya yaliyojikunja kama waliopitiwa na upepo wa kinyume, lakini jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwa wale warefu. Mwili umesimama wima. Kichwa kifupi, mdomo mnene uliopinda, undu mdogo uliolala juu ya kichwa kama punje zilizobanana, macho yamezama ndani chini ya nyusi nzito. Kifua kina manyoya machache hadi ngozi nyekundu inaonekana. Mkia mfupi. Kuchi hasemi uongo kwenye kichwa. Miguu mirefu hata chotara anaweza kuwa nayo.

Nikamwonyesha bibi jogoo mmoja mwekundu na tembe wanne, majike ambayo hayajaanza kutaga. Akakataa jogoo.

"Hawa tembe ni watoto wake," alisema. "Ukiwachukua pamoja utapata vifaranga vya kupinda midomo. Jogoo tafuta kwingine."

Nakiri nilidhani ananibania jogoo wake. Lakini alimtuma mjukuu wake anipeleke kijiji cha tatu kutoka hapo, kwa bibi mwingine, ambako nilipata pora, yaani jogoo mchanga, mweusi mwenye shingo ya dhahabu. Kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kilikuwa ndiyo kwanza kinachomoza. Elfu 60. Tembe kwa bibi walikuwa elfu 15 kila mmoja, na hakupunguza hata mia. Habari njema ni kwamba wote walikwishapata chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, wiki 3 nyuma. Mchanjaji wa eneo lile hupita kila baada ya miezi 3 na kuwadondoshea tone moja jichoni. Rafiki yangu alikuwa amelihakikisha hilo kwa simu kabla sijakata tiketi. Kuku anayesafiri bila chanjo ni sawa na kusafirisha msiba.

Kuku hukamatwa usiku akiwa amelala, kwa hiyo ilinibidi kulala pale. Na kwa vile nililala pale, nilimwona bibi jioni akitoka na chungu kikuukuu kilichovunjika mdomo. Alikijaza mabua makavu ya mtama na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, akakinyunyizia maji, akaenda nacho hatua chache nyuma ya zizi. Akaparua udongo kwa jembe hadi vikatokea vijia vya mchwa, akakigeuza chungu kifudifudi juu yake, akakifunika kwa matawi. Akarudi, akanawa, tukala ugali wa mtama na mlenda. Hakuna aliyezungumzia chungu.

Alfajiri aliniita. Alikiinua kile chungu, akakung'uta vilivyomo uani, na ardhi ikawa nyeupe kwa mchwa. Sijawahi kuona kuku wakila vile. Vifaranga vilipita chini ya miguu ya mama zao, tetea walisukumana, hakuna kilichosalia isipokuwa mabua. Baadaye akarusha konzi mbili za mtama, konzi mbili tu, akawafukuza waende zao porini wakajitafutie. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha siku nzima. Nikajisemea moyoni, maskini, wangepata lishe kamili hawa wangekuwa kama mbuni.

Wakati wa kuaga alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, na juu yake akanipa chungu kile kile. Nilikipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, huku nikiwaza nitakiweka wapi ndani ya basi.

Mjini, nilipokwenda kwa afisa mifugo kuchukua kibali cha kusafirisha, nilikuwa na nusu gunia la mashudu ya pamba begani. Nilikuwa nimeyanunua njiani kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Yule afisa aligonga muhuri, kisha akauliza kama nina ng'ombe. Nikasema sina. Akaniambia basi niyaache: mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili iitwayo gosipoli, ng'ombe mkubwa anaihimili kwa sababu ya tumbo lake, kuku haiwezi hivyo, na tetea akilishwa sana hata kiini cha yai hubadilika kikawa cha kijani. Nunua ya alizeti, alisema. Nikamwachia mlinzi wa pale, ambaye alikuwa na ng'ombe.

Basi liliondoka kabla ya jua. Ni karibu kilomita 1,000 hadi Dar, na tenga langu liliingizwa kwenye buti katikati ya magunia. Nilimsihi konda aliache mlangoni lipate hewa. Akasema nisiwe na wasiwasi. Singida nilishuka kuwanywesha, wote wazima. Dodoma wazima, ila wanahema midomo wazi. Mchana ulikuwa mkali. Morogoro mtu alikuwa amepandisha viroba vya mchele na kulizungushia tenga pande zote, na nilipolivuta, tembe mmoja alikuwa amekufa, bado ana joto. Nilipaza sauti, konda naye akapaza ya kwake, abiria wakatuambia tupande twende. Kuanzia hapo nilisafiri na tenga mapajani, pora kanitolea kichwa kwapani. Aliwika saa nne usiku tulipoingia Ubungo, na basi zima lilicheka isipokuwa mimi.

Niliwatenga na kuku wangu wengine, kwenye chumba cha stoo, kama inavyotakiwa. Nikafungua mfuko mpya wa chakula cha kukuzia, nikajaza chombo, nikakaa kwenye ndoo niwatazame.

Hawakula. Waliuparua ule unga, wakaukanyaga, tembe mmoja akaonja akakung'uta mdomo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimshika pora nikapapasa kifuko chake cha chakula shingoni: kitupu, ngozi tu. Alikuwa amesimama kwenye kona, mabawa yameshuka, yule kuku niliyemfuata nchi nzima. Mke wangu akaniuliza kama huku ndiko kufuga au kufungisha.

Nilimpigia rafiki yangu, akampa bibi simu. Sikumaliza hata salamu.

"Wamegoma?"

"Wamegoma, bibi."

"Hawajui kuwa huo ni chakula. Mtama huko kwenu hakuna?"

Upo. Niliupata sokoni Tandale, kilo 10. Walipoona punje zinadunda sakafuni walizishambulia kama waliofunguliwa kifungo. Baadaye, kwa wiki kadhaa, nilichanganya mtama na pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na mchicha, kidogo kidogo, hadi wakazoea. Ule mfuko wa kilo 50 niliumalizia kwa kuku wengine, ambao hawana majivuno.

Lakini pora alikula mtama bila furaha, alidonoa, akaacha. Ndipo nilipokumbuka chungu. Kilikuwa mlangoni, mke wangu alikuwa amekipandia mshubiri, na haukuwa mbaya. Tulijadiliana. Mshubiri ukahamia kwenye kopo la rangi.

Mchwa wa Chanika nilikuwa nawafahamu, walikwishamaliza fremu ya mlango wangu. Mavi ya ng'ombe niliomba kwa jirani, mabua nikatumia ya mahindi. Mara ya kwanza nilipata mchwa watano na jongoo. Niliweka maji machache mno, nadhani. Mara ya pili nilikilowesha vizuri, nikakiegesha chini ya ile fremu, nikaamka kabla ya adhana.

Nilikikung'utia stoo. Pora akasogea kwa ile miguu yake mirefu, akainamisha shingo, akaokota mchwa mmoja. Hakummeza. Alimwangusha, akamwokota tena, akaanza kuita kwa sauti ya chini ya haraka haraka, na tembe wale watatu wakaja mbio kula mbele yake. Yeye alikula mwisho.

Nilipiga simu Kishapu jua lilipochomoza. Bibi alisikiliza hadithi yote, akanyamaza kidogo.

"Chungu hujakivunja?" aliuliza.