Siku moja ya mtunza programu huria: ubishi juu ya mstari mmoja wa msimbo

Saa 2:00 asubuhi. Pamoja na wenzangu wachache ninatunza maktaba ya programu huria, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, inayosoma majedwali yaliyohifadhiwa katika faili za maandishi, na leo kazi nyingine zote zitasubiri ombi moja la badiliko, yaani pendekezo la kurekebisha msimbo wetu. Mstari wenyewe ni mmoja. Hadi sasa, maktaba ikikutana na baiti isiyokubalika katika UTF-8 (usimbaji, yaani utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti), huweka mahali pake ile alama ya kiulizo ndani ya almasi, kisha huendelea kusoma bila kumwarifu mtu. Aliyeleta ombi anataka programu isimame papo hapo na kutoa kosa. Mtunzaji mwenzetu, aliye na uzoefu kuliko sisi sote, amelikataa kwa sentensi mbili, na tangu usiku majibu yamezidi kuwa makali.

Saa 3:00. Sipendi kutoa maoni juu ya msimbo ambao sijauendesha, kwa hiyo nimelivuta tawi lake, yaani nakala ya msimbo yenye badiliko hilo, kwa Git, zana ya kufuatilia matoleo ya msimbo, na kuandika jaribio langu mwenyewe. Nimetengeneza faili yenye majina mawili, José na Josè, nikaihifadhi kwa usimbaji wa zamani wa Latin-1, ambamo herufi ya mwisho ya jina la kwanza ni baiti moja yenye thamani 233 na ya jina la pili ni 232. Katika UTF-8 kila moja ya herufi hizo huchukua baiti mbili, hivyo baiti hizo zikisimama peke yake hazikubaliki. Maktaba yetu imeyasoma majina yote mawili na kunirudishia neno lile lile: «Jos» na ile alama ya kiulizo. Watu wawili wamekuwa mtu mmoja, na hakuna njia ya kuwatenganisha tena kwa kutazama matokeo hayo. Nimeyaweka matokeo mbele ya wote bila kuongeza neno.

Saa 5:00. Jibu la mpinzani, yule mtunzaji aliyelikataa ombi, limekuja, na ni jibu zito. Anakumbusha kwamba programu nyingi zinazotegemea maktaba hii huendeshwa usiku bila msimamizi, zikisoma faili zilizotoka kwa watu wengine, na kwamba toleo dogo, ambalo watumiaji hawatarajii livunje kitu, likizifanya zisimame ghafla, watakaolaumiwa ni wahandisi ambao hawakubadilisha chochote. Ametaja kanuni ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambayo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, ameisimamia kwa ukali kwa miaka mingi: badiliko la kiini lisivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi. Kanuni hiyo naiheshimu sana. Mtu anayeipuuza hajawahi kuamshwa usiku kwa sababu ya badiliko la mtu mwingine.

Saa 7:00. Mchangiaji mmoja ameandika kwamba wanaopinga «hawajali data za watu». Nimemwomba aiondoe sentensi hiyo, naye ameiondoa.

Saa 8:00. Sasa kila upande unaivuta kwake Python, lugha ya kuandikia programu. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, ilitenganisha kabisa maandishi na baiti, na chaguo-msingi lake, yaani tabia yake mtumiaji asipochagua nyingine, ni kutoa kosa pale baiti zisipokubalika. Upande mmoja unasema huo ndio usahihi wenyewe. Upande wa pili unajibu kwamba Python 2 iliendelea kuhudumiwa hadi mwanzo wa mwaka 2020 kwa sababu kuhama kulikuwa kugumu mno. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana mfano huo hauwezi kutuamulia.

Saa 9:00. Tumekubaliana kuzungumza kwa sauti. Nimewauliza swali moja: uharibifu ukitokea, nani atajua, na lini? Kosa likitolewa, mhandisi atajua siku hiyo hiyo, na faili ya asili bado anayo. Tukinyamaza kama tunavyonyamaza sasa, wa kwanza kujua huenda akawa mwenye jina lililoharibika, baada ya faili ya asili kufutwa. Mpinzani amekubali hoja hiyo bila kusita, akasema kwamba hajawahi kuutetea ukimya. Anachopinga ni kuubadilisha ndani ya toleo dogo. Mwandishi wa ombi naye amesema hakuwa na haraka ya toleo lolote. Kumbe tangu usiku mmoja alikuwa akijadili tabia sahihi na mwingine akijadili wakati wake.

Saa 11:00 jioni. Ombi limegawanywa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaongeza chaguo la kutoa kosa kwa anayelitaka, pamoja na onyo linalotaja faili na nambari ya mstari wa kwanza wenye tatizo. Mpinzani ameshikilia kwamba onyo litolewe mara moja tu kwa kila faili, la sivyo kumbukumbu za seva zitajaa, na hapo ana haki kabisa. Majaribio yamepita, naye mwenyewe ndiye aliyeliunganisha badiliko.

Sehemu ya pili, inayogeuza kosa kuwa chaguo-msingi, imewekwa kusubiri toleo kubwa, lile litakalobadilisha nambari ya kwanza katika jina la toleo. Nimeandika katika maelezo ya mradi kwamba tabia ya sasa itaondolewa, na mtu akiomba iahirishwe tena wakati huo, nitampinga kwa faili ile ile ya majina mawili.