Tumehama MySQL kwenda Postgres, sababu ni Land Cruiser

Wadau wa tovuti hapa Moshi na kule Chuga (Arusha) wananiuliza sana eti databesi (programu ya kutunza data za tovuti) ipi iko fasta zaidi, MySQL au Postgres, na mi huwa nawaambia kwa tovuti nyingi za huku kasi wala sio ishu, kampuni ya kupandisha watu mlima hata msimu ukichanganya haipati wageni wa kuitikisa MySQL. Kama tovuti yako ni WordPress yenye picha za tembo na fomu ya mawasiliano, kaa hapo hapo kwenye MySQL au ndugu yake MariaDB, ukihama unajitafutia kazi bure. Mi naangalia kitu kingine: ni kosa gani likipenya kwenye databesi unatoa hela mfukoni?

Kwa kampuni ya safari niliyokuwa naisaidia, kosa lenyewe lilikuwa gari moja kuuzwa mara mbili.

Iko hivi. Programu ya zamani ilikuwa inaiuliza kwanza databesi kama gari liko wazi tarehe hizo, ikijibiwa ndio inaandika bukingi. Sasa mgeni yuko Marekani anabonyeza, na muda huo huo dada wa ofisini anaingiza kundi lake la Ngorongoro kwa simu, wote wanauliza, wote wanajibiwa liko wazi, wote wanaandikiwa. Siku ya safari una familia mbili na Land Cruiser moja, bosi anahangaika kupiga simu Arusha kutafuta la kukodi, mwezi wa saba huo, na bei za mwezi wa saba mnazijua.

Kuna mtu atasema mbona MySQL unaweza kufunga mistari kwa FOR UPDATE, mwingine asubiri mpaka wa kwanza amalize. Kweli kabisa, ila hapo unalinda mlango wa programu tu. Dada wa ofisini kazi zikimzidi alikuwa anafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kuhariri databesi yenyewe, anaandika bukingi humo humo moja kwa moja, na programu yako hata iwe na akili vipi, hapo haipo njiani. Postgres inakuruhusu kuweka sharti kwenye jedwali lenyewe kwamba bukingi mbili za gari lile lile zisigongane tarehe, basi, ije kwa tovuti, ije kwa mkono, inakataliwa:

EXCLUDE USING gist (gari WITH =, tarehe WITH &&) WHERE (hali <> 'imefutwa')

Yaani gari likiwa lile lile na tarehe zikigongana, kataa, ila bukingi iliyofutwa haihesabiki. Tarehe hapo ni daterange, aina ya data inayobeba siku ya kuanza na ya kumaliza pamoja, iliyokuja na toleo la 9.2 mwaka 2012, na lazima uwashe kiongezi cha btree_gist ndo ile alama ya = ikubali kukaa humo. Huo mstari mmoja ndo ulinimalizia mjadala. SQLite, databesi nyingine, niliipenda pia, faili moja tu, bakapu unainakili, ila mwandishi ni mmoja kwa wakati na sharti kama hili haina, ungeandika triga (kanuni inayojiendesha data ikiingia) mwenyewe. MongoDB, databesi nyingine tena, dogo mmoja aliitaja, tukanywa chai tukaendelea.

Kuna kamchezo kwenye daterange lakini. Usipoiambia kitu, siku ya mwisho haihesabiki, yaani gari linalorudi tarehe 14 linaweza kuuzwa kwa safari inayoanza tarehe 14 hiyo hiyo. Kwenye karatasi safi kabisa. Nikamuuliza mzee wa gereji, akaniangalia tu. "Limetoka Serengeti jioni, shokapu linavuja, vumbi mpaka ndani ya friji, afu asubuhi liende tena? Labda uendeshe wewe." Basi tukaweka '[]', siku zote mbili zinahesabiwa, na mpaka leo naona yule mzee ndo aliyedizaini hilo jedwali.

Kuhamisha kwenyewe nilitumia pgloader, inasoma MySQL inamwaga kwenye Postgres, tukafanya kipindi cha masika ambapo ofisi iko kimya. Kumwaga data ni kitu kidogo, kazi ni uchafu uliomo. MySQL ya zamani ilikuwa inakubali tarehe ya 0000-00-00, pgloader inaigeuza kuwa NULL, yaani tupu, na daterange ikikuta mwisho wake ni NULL inaelewa kwamba hakuna mwisho. Kwa hiyo kuna gari lilionekana liko safarini tangu 2019 halijarudi, na kila bukingi mpya ya hilo gari ingegoma! Tena sharti la EXCLUDE halikubali NOT VALID, huwezi kuliambia lisamehe ya zamani, kwa hiyo tulikaa na dada wa ofisini na madaftari ya madereva tukanyoosha moja moja.

Kilichoniuma ni meseji za wageni. Jedwali lilikuwa la utf8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) ile ya MySQL ya baiti tatu, sio utf8mb4 inayobeba emoji, na strict mode, ile ya kukataa data mbovu, imezimwa, kwa hiyo mgeni akiweka emoji, meseji inakatwa pale pale ilipo emoji. Kuna mama ameandika wana hamu sana ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, kaweka kimlima, na baada ya kimlima ndo alikuwa amesema mtoto wake ana aleji ya karanga. Hiyo nusu ya pili databesi haijawahi kuiona, hakuna zana ya kuirudisha, bahati nzuri nakala kamili ilikuwa kwenye imeili.

Mengine madogo: Postgres inatofautisha herufi kubwa na ndogo, wateja wakaanza kushindwa kuingia kwa imeili zao, tukamaliza na citext, aina ya maandishi isiyojali ukubwa wa herufi. Hostingi ya bei rahisi tuliyokuwepo ilikuwa na MySQL tu ikabidi tuchukue VPS, seva ya kukodi unayoiendesha mwenyewe, na ukishachukua VPS bakapu ya kila usiku (pg_dump) ni juu yako, pamoja na kuijaribu kama inarudi.

Sahivi bosi anataka sharti hilo hilo kwa waongoza watalii, mtu asipangwe njia ya Lemosho na ya Rongai kwa pamoja. Jedwali liko tayari, kinachosubiriwa ni wao wenyewe wakubaliane mtu akishuka mlima apumzike siku ngapi, na kikao cha mwisho hakikuisha vizuri.