Nikiandaa somo, naanza na mtoto mkubwa kuliko wote

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda, si mbali na lango la mpaka. Darasani mna watoto zaidi ya 80. Mdogo kabisa ana miaka saba. Aliingizwa mapema kwa sababu dada yake yumo humo humo na nyumbani hakuna wa kumwangalia. Mkubwa ana 14, sauti imeshakuwa nzito, na akikaa kwenye dawati magoti hayaingii chini.

Hali hii haikuanza jana. Tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulipoanza mwaka 1997, shule zetu zimekuwa zikipokea watoto wa kila rika katika darasa moja. Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi wa madarasa ya chini hawakusoma kwa karibu miaka miwili, hadi milango ilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Waliporudi walikuwa wamerefuka. Wengine walikuwa wameshazoea kusukuma mizigo mpakani, kuchoma mahindi, kulea wadogo zao. Na wapo ambao hawakurudi kabisa.

Ndiyo maana andalio langu la somo linaanza na yule mkubwa. Walimu wengi hulenga mtoto wa katikati, kisha wanapunguza kidogo kwa wadogo na kuongeza kidogo kwa wakubwa. Nawaelewa, muda hautoshi. Lakini mdogo asipoelewa leo, kesho atakuja tena, atacheza, atapata nafasi nyingine. Mkubwa akichekwa mara mbili kwa kushindwa kusoma neno ambalo mtoto wa miaka minane analisoma, hatarudi, na hapa mpakani kazi ya kumpokea haikosekani. Kwa hiyo swali langu la kwanza ninaposhika kalamu ni hili: katika somo hili, yeye atafanya nini ambacho kinamfaa mtu wa umri wake?

Mada yenyewe siibadilishi. Mtaala wetu wa madarasa ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2007, umepangwa kwa mada: nyumbani kwetu, hali ya hewa, chakula na lishe, usafiri na kadhalika. Huo ni msaada mkubwa, maana mada moja inabeba umri wowote. Kinachobadilika ni kazi anayopewa kila mmoja.

Nieleze somo la mukene, yaani dagaa, kwa sababu ndilo watoto wanaloniomba tulirudie. Tulikuwa kwenye chakula na lishe. Mama mmoja anayeuza sokoni alinipa mukene wakavu kwenye beseni, nami nikaja na kikombe cha plastiki cha nusu lita, kile kile wanachopimia. Nililitua beseni chini katikati ya darasa, madawati tukayasogeza ukutani. Harufu pekee ilitosha kuwafanya wote wakae kimya wakitazama.

Wadogo nilimpa kila mmoja samaki watano juu ya kipande cha gazeti. Samaki mmoja ana macho mangapi? Mawili. Wawili je? Wakahesabu macho kwa kidole: mbili, nne, sita, nane, kumi. Kuhesabu kwa mbilimbili tulikuwa tumekuimba wiki nzima bila kushika, na siku ile kulishika. Baadaye walimchora samaki wakaandika jina lake chini ya picha.

Wa katikati walipata kikombe. Kwanza wakisie beseni lina vikombe vingapi, waandike makisio, ndipo wapime. Waligombana kama kikombe kijae hadi kwenye ukingo au kiwe na kichuguu juu, jinsi akina mama wanavyofanya kwa mteja wao wa kila siku. Niliwaacha wabishane. Ubishi ule ndio uliowafundisha kwamba kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote.

Kisha yule wa miaka 14 na wenzake wanne wa rika lake. Nikawaambia: fungu ni shilingi 2,000. Mteja katoka ng'ambo, ana shilingi 150 za Kenya, anataka mafungu mawili. Shilingi moja ya Kenya tuiweke kwa 28 za kwetu. Chenji ngapi? Kabla sijamaliza kuandika ubaoni, kijana akasema, "Madamu, mia mbili." Nikamuuliza amejuaje. Akasema mia ya Kenya ni 2,800, hamsini ni nusu yake, 1,400, jumla 4,200, toa 4,000.

Mtoto huyu kwenye daftari hupata alama tatu kwa kumi. Hesabu anaijua, anaifanya kila jioni kwenye meza ya mama yake. Asichokijua ni kuiandika. Basi kazi yake siku ile haikuwa kutafuta jibu. Ilikuwa kuiweka kwenye karatasi njia aliyopitia kichwani, mstari baada ya mstari, hadi mtu asiyekuwepo aweze kuifuata. Alitoka jasho. Alifuta mara nyingi. Alipomaliza nilibandika karatasi yake ukutani, na sikuwaambia wengine ni ya nani hadi waliponiuliza wenyewe.

Hapa nina neno na walimu wenzangu. Mtoto mkubwa si msaidizi wa mwalimu. Tunamtuma maji, tunampa fimbo asimamie kelele, tunamwambia awafundishe wadogo kusoma, na tunaona tumemheshimu. Kumsaidia mdogo ni jambo jema, lakini awe na somo lake kwanza. Akimaliza muhula amefagia na kunyamazisha tu, atakuwa ameibiwa.

Kusoma ndiko kugumu zaidi. Kitabu cha kuanzia kina paka na mpira, na kijana wa miaka 14 hawezi kukishika mbele ya wenzake bila kuona haya. Herufi anazohitaji ni zile zile, ila ninazitafuta mahali pengine: pakiti ya mbegu za mahindi, karatasi ya dawa, tangazo la chanjo, namba za malori. Namba za malori nazipenda sana. Tukiwa kwenye mada ya usafiri tunasimama ndani ya uzio wa shule na kutazama foleni. Namba ya Uganda huanza na U, ya Kenya na K, ya Tanzania na T, ya Rwanda na R. Wadogo wanatafuta herufi, wanapiga kelele wakiiona. Wa katikati wanaweka alama kwa kila nchi kwenye jedwali. Wakubwa wanachora grafu ya nguzo, kisha wanaandika sentensi tatu kueleza kwa nini nchi fulani ina malori mengi. Wanabeba mizigo ya malori hayo wikendi. Wana mengi ya kuandika, na wanauliza tahajia bila aibu kwa sababu wanachokiandika wanakijua kuliko mimi.

Saa nayo naiangalia sana. Wengi wanafika bila kula. Kabla ya uji naweka nyimbo, vitendawili na kazi za mikono. Hesabu ya kufikiri naiweka baada ya uji. Wazazi wanaochangia mahindi ya uji huo wanachangia somo langu moja kwa moja, na huwa nawaambia hivyo kwenye mikutano. Andalio lolote, hata liandikwe vizuri namna gani, haliwezi kushinda tumbo tupu saa nne asubuhi.

Kinachonisumbua bado ni mtihani wa mwisho wa muhula. Karatasi ni moja kwa wote, na haioni kwamba mmoja amejifunza kuhesabu kwa mbilimbili na mwingine amejifunza kuandika hesabu aliyokuwa nayo kichwani miaka mitano. Kwa hiyo nina daftari langu la pembeni. Kila mtoto ana ukurasa, na kila Ijumaa naandika jambo moja tu analoweza sasa ambalo mwanzoni mwa mwezi hakuliweza. Siwafikii wote 80 kwa wiki; nagawa, kundi moja Ijumaa hii, jingine Ijumaa ijayo. Siku ya wazazi nafungua ukurasa wa mtoto kabla ya kutoa ripoti. Mama wa yule kijana alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaomba ile karatasi ya mukene aende nayo nyumbani. Nilimpa. Mwanawe ameshaniandikia nyingine, ya bei ya nyanya, na mistari yake imenyooka zaidi.