Siku moja kwenye chumba cha kupimia masikio

Saa 1 na nusu asubuhi nishafika kazini, hapa Dar, na kabla ya mgonjwa yeyote navaa hedifoni mwenyewe nasikiliza kama mlio unatoka kulia na kushoto, maana waya ukilegea unaweza ukamwandikia mtu uziwi ambao hana.

Saa 3 kaingia mama na mtoto wa miaka 7. Anasema mwalimu kila siku analalamika huyu mtoto hasikii, na fimbo keshachapwa. Nikampa mtoto kitufe nikamwambia ukisikia mlio hata mdogo kama wa mbu we bonyeza. Kwa hedifoni akaanza kubonyeza kwenye desibeli 40, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, nikaja kumwekea kile kidude cha kwenye mfupa nyuma ya sikio, akasikia kwenye 10! Hapo ndo unajua, sikio la ndani zima kabisa ila sauti inakwama njiani, na kipimo cha ngoma ya sikio kikachora mstari bapa, yaani kuna majimaji nyuma ya ngoma. Hiyo inatibika. Nikamwambia mama, mtoto wako hasikii kweli, siyo jeuri. Akamvutia mapajani akawa anampapasa lile sikio tu, haongei.

Saa 5 mzee wa mashine ya kusaga unga, shikamoo, marahaba, "binti mi nasikia ila siku hizi watu mnamung'unya maneno". Kweli anasikia, milio minene iko vizuri, ila kufika hezi 4000, kwenye milio myembamba, mistari ya karatasi ya majibu inaporomoka mpaka desibeli 70, wa hedifoni na wa mfupa pamoja, halafu 8000 inapanda kidogo. Hilo shimo ni alama ya kelele. Herufi kama s na f zinapotelea humo. Alipoona 70 akafurahi, na wengi wako hivyo, wanasoma kama maksi za mtihani wakati kwenye hii karatasi namba ikikua ndo usikivu umepungua. Ilibidi nimweleze taratibu, maana vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, kinachobaki ni kifaa cha kusikia na kuziba masikio akiwa mashineni.

Saa 8 simu, kaka mmoja sikio limegoma ghafla toka jana, haliumi, anataka aje wiki ijayo. Nikamwambia njoo leo leo, uziwi wa ghafla siku za mwanzo ndo za kuwahi dawa.

Saa 11 nafunga, yule mzee karudi na mjukuu wake, kijana ana unga mpaka kwenye kope. Mzee anataka nimpime na huyu. Natamani sana, ila katoka kwenye kelele sasa hivi, masikio yamechoka, karatasi itadanganya. Waje kesho asubuhi kabla hajawasha mashine.