Nebula juu ya paa la Sinza

Wenzangu wabeba boksi mnaorudi Bongo likizo, najua mtakachosema: darubini ya kazi gani Dar? Mji unawaka usiku kucha. Mabango, baa, vituo vya mafuta, na zile taa za geti zinazomulika dirisha la jirani kuliko geti lenyewe. Ukitaka nyota, nenda Mikumi.

Sibishi. Ukisimama Sinza saa tatu usiku ukatazama juu, nyota utakazoziona ni za kuokoteza. Kwenye kipimo cha Bortle, alichokitunga Mmarekani John Bortle mwaka 2001, ngazi ya 1 ni giza la porini na ya 9 ni katikati ya jiji. Sisi tumo kwenye hizo za mwisho. Lakini kwa kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi yaliyo mbali angani, paa la nyumba ya mama Sinza linaishinda bustani yangu ya Leeds, Uingereza, na kinacholeta ushindi huo ni latitudo.

Leeds iko karibu nyuzi 54 kaskazini mwa ikweta, Dar karibu nyuzi 7 kusini. Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi lililo umbali wa zaidi ya miaka ya mwanga 7,000, haichomozi kabisa Leeds, hata uwe na darubini ya mamilioni. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliiandika kwenye orodha yake mwanzoni mwa miaka ya 1750 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, huku huku Afrika. Nebula ya Lagoon Leeds inachomoza, ila inaambaa nyuzi 12 tu juu ya upeo, nyuma ya mapaa na miti. Dar inapanda nyuzi 72. Unaipiga kupitia tabaka jembamba zaidi la hewa, na mwanga wa mji umeuacha chini.

Halafu Julai, mwezi ambao wengi wetu tunabanwa na likizo za shule za watoto, Leeds haina usiku kamili. Jua linajificha kidogo tu chini ya upeo, mbingu inabaki na weupe hadi alfajiri. Dar ikifika saa mbili kasoro usiku giza limeshaiva, masika yameisha, na kipupwe kimeleta anga kavu kidogo.

Chombo ninachobeba ni Seestar S50, darubini ndogo ya kupigia picha inayojielekeza yenyewe na kuonyesha picha kwenye simu. Lenzi yake ina upana wa milimita 50, uzito kilo 2.5, kinaingia kwenye begi la mkononi. Stendi za kiekweta, zinazoelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, ni bora kwa picha za muda mrefu, lakini ncha ya kusini hapa Dar iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, imezama kwenye mwanga na vumbi, na stendi nyingi hazikuundwa kulala chini kiasi hicho. Seestar haihitaji ncha. Inapiga picha, inazilinganisha nyota na ramani yake, inajua inatazama wapi.

Siri ya mjini ni kichujio cha mwanga. Nyota zenye joto kali huichoma gesi ya nebula kwa mionzi ya urujuanimno, na gesi hujibu kwa rangi chache mahususi: hidrojeni nyekundu ya nanomita 656.3, oksijeni ya kijanikibichi karibu na 500.7. Kichujio kinapitisha rangi hizo mbili na kuzuia sehemu kubwa ya zilizobaki. Ni kama kumsikia anayekuita jina katikati ya Kariakoo. Taa za zamani za sodiamu, zile za chungwa, zinakatika kirahisi. LED nyeupe zimesambaa kila rangi, kwa hiyo kiasi fulani kinavuja. Vitu vinavyong'aa kwa mwanga wa kawaida wa nyota havipati msaada huo. Galaksi, au ukungu wa buluu unaoizunguka Kilimia, hizo kweli zifuate Mikumi.

Mengine ni subira. Picha za sekunde 10 zinapandanishwa, mamia kwa mamia. Ukikusanya saa 4 badala ya saa 1, mwonekano unakuwa bora mara mbili, siyo mara nne, kwa hiyo usitegemee muujiza wa dakika tano. Baadaye naziingiza kwenye Siril, programu ya bure, kuondoa ule mteremko wa mwanga unaotokea upande wa mjini. Umeme ukikatika wengine wanalalamika, mimi napanda ngazi mbio, ingawa mtaa mmoja ukizimika anga la Dar halibadiliki sana.

Kabla ya yote, mwambie mjumbe na majirani. Mwanaume aliye juu ya paa gizani na darubini, jirani yake ana madirisha, hana maelezo yanayoeleweka. Mimi niliwaita wapande waone. Mama aligoma: "Mwanangu, umetoka Ulaya kuja kulala juu ya bati?" (Ni zege, siyo bati.) Mpwa wangu ndiye aliyeganda kwenye simu, wekundu wa Carina ukijitokeza kidogo kidogo upande wa Tabata. "Anko, mbona kwa macho haipo?" Jicho halikusanyi mwanga kwa dakika nyingi, nikamwambia, na kwenye giza halioni rangi vizuri.

Mnaokuja Krismasi mna zawadi nyingine: nebula ya Orion. Hapa inapita karibu kabisa na utosi, mwishoni mwa Desemba inakuwa hapo kabla kidogo ya saa sita usiku. Tatizo ni kwamba mashine za aina ya Seestar huhangaika kufuata kitu kilicho utosini, na picha huzunguka haraka. Ipigeni ikiwa bado mashariki, saa tatu au nne, mawingu ya vuli yakiwaruhusu.

Mimi Desemba sitakuwepo. Darubini nimeiacha kwa mpwa, kwa sharti moja: picha asinitumie kwa WhatsApp, maana inazibana mpaka nebula inageuka doa. Azipakie Google Drive, na bando nitalipa mimi.