Nimerudi kwa mjomba, na pembe za huku hazina haraka

Jamani nimerudi, safari hii si likizo, nimerudi mazima. Miaka mingi nilikuwa kaskazini ya Norway, na kule nikajifunza kwa Wasami, wenyeji wa asili wa huko, kuchonga mipini ya visu kwa pembe za reindeer, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi. Mjomba wangu naye ni fundi wa pembe za ng'ombe tangu sijazaliwa, basi kila mtu ananiambia "si ni kazi ileile tu?" Siyo kabisa.

Ile ya reindeer ni mfupa mtupu na inadondoka yenyewe kila mwaka, dume anaiangusha baada ya msimu wa kupandana, jike mwenye mimba anabaki nayo mpaka azae, wewe unaokota tu. Ya ng'ombe haidondoki. Nje ni keratini, yaani kitu kilekile cha kucha zako, ndani kuna mfupa, na huo mfupa lazima utoke kwanza. Mjomba anaziloweka kwenye pipa wiki kadhaa mpaka ngozi nyembamba iliyoushika ule wa ndani ioze, mfupa uachie, na harufu yake sitaielezea maana wengine mnakula.

Halafu sasa ndo utamu. Anaizungusha juu ya makaa bila kuiacha itulie hata kidogo, ikilainika anaipasua kwa urefu, anaifungua, anaibana katikati ya mbao mbili kwenye jiriwa na kuiacha ipoe humohumo. Ukiitoa bado ina joto inajikunja tena. Mfupa huwezi kuufanyia hivyo, utauunguza tu, wenyewe unataka kuchemshwa taratibu na sabuni mafuta yatoke, la sivyo baadaye unageuka njano.

Nilikuja na mashine ya kung'arisha, mjomba kaiangalia kasema "mwanangu, hiyo ikienda mbio itaichoma pembe", na ni kweli, joto likizidi inaungua na kuacha doa. Ila kwenye vumbi simsikilizi, yeye anajifunga kitambaa puani, mimi navaa barakoa ya maana, vumbi la mfupa na pembe si la kuvuta.

Saizi ananifundisha vitana. Meno lazima yafuate nyuzi za pembe, ukiyakata kukingama yanakatika mapema tu kichwani kwa mtu, na nikishika msumeno yeye anakaa palepale pembeni akiangalia mkono wangu, hanisemeshi mpaka jino la mwisho.