Gwaride la mavazi ya sinema, kwenye joto la Dar

Kwa wanaoulizia gwaride la mavazi hapa mjini, someni kwanza habari za 501st Legion. Albin Johnson wa South Carolina, Marekani, alilianzisha mwaka 1997, kundi la mashabiki wanaovaa deraya nyeupe za askari wa filamu za Star Wars. Tarehe 1 Januari 2007 wanachama wapatao 200 walitembea kwenye Rose Parade, gwaride la Mwaka Mpya kule Pasadena, California, karibu kilomita 9, George Lucas mwenyewe, mtunzi wa Star Wars, akiwa mgeni rasmi. Umbali huo unataka vazi linalotembea, siyo la kupigia picha tu.

Sasa Dar. Kutengenezea deraya, mikeka ya sponji ngumu ya watoto inafaa sana: milimita 10 kwa kifua na mgongo, 5 kwa mikono. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane. Ukiwahi, kiungo kinaachia juani. Goti usiligundishe kabisa, funga kwa lastiki pana. Sponji ikibana huchuna ngozi ya nyuma ya goti vibaya mno.

Kofia ndiyo ya kuogopa. Weka feni mbili ndogo za kompyuta, moja iingize hewa, nyingine itoe, la sivyo kioo kinajaa ukungu na mvaaji haoni tuta. Kila wavaaji watano wawe na msaidizi mmoja asiyevaa, mwenye maji, mkasi na gundi. Anzeni saa 12 asubuhi. Taarifa ya maandishi ifike polisi mapema, si chini ya saa 48 kabla.